Nimeifufua Pijo ya mzee, lakini ugonjwa wake ulitoka jikoni kwa mkewe

Mpendwa Bi Time, assalamu alaykum. Naomba msaada wako, na nakuomba usinicheke mpaka ufike mwisho wa barua, kwa sababu mimi niliacha shule darasa la tano na mikono yangu imezoea zaidi kubeba matofali kuliko kushika kalamu, lakini jambo hili haliwezi kukaa kifuani mwangu tena, na hapa Mgogoni sina hata mmoja wa kumwambia, maana kila ninayemfikiria ni jamaa yake Bi Mwanaasha.

Naitwa Safari. Kwetu ni Ujiji, na huu ni mwaka wangu wa tatu Pemba. Nilikuja kuchuma karafuu, msimu ulipokwisha nikabaki, nabeba mchanga, nachimba misingi, napasua mawe, kazi yoyote inayotaka mgongo. Mgongo wenyewe sasa umechoka, nasema kweli, kuna asubuhi nakaa kitandani nikiiuliza miguu kama iko tayari. Nimepanga chumba cha uani kwa Mzee Othman na mkewe Bi Mwanaasha, ingawa wao hawajawahi kuniita mpangaji, wananiita mwanangu, na nikichelewa kazini sahani yangu naikuta imefunikwa kawa kama ya mtoto aliyezaliwa nyumba ile.

Mzee Othman ana gari, Pijo 404 nyeupe ya mgongo mrefu, aliyoinunua ujana wake kwa karafuu zake mwenyewe. Hapa kijijini ukiuliza habari za watu wazima utaambiwa huyu alizaliwa hospitali na huyu alizaliwa ndani ya Pijo, kwa sababu miaka hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwapeleka wajawazito Wete, na si kila mtoto aliyekuwa na subira ya kufika. Mzee anaiosha kila Alhamisi. Mimi nimeona watu wanaoosha magari, lakini yeye anaiosha kama mtu anayemtawadhisha mzazi wake.

Tangu Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, gari hilo likaanza kuugua. Likawa linawaka kwa taabu, linatoa moshi mweusi, na likifika kwenye kilima kinachotoka bonde la mpunga kwenda barabara ya lami linakohoa mara tatu, linatikisika, linazima, na mimi nikiwa karibu naitwa kusukuma, kwa hiyo mgongo uliobeba mchanga kutwa nzima unamalizia na Pijo. Vijana wa barazani wakituona wanashangilia.

"Safari! Leo mmepanda gari au gari imekupandeni nyinyi?"

Mmoja anaitwa Ame, huyo hakukosa neno hata siku moja. "Mzee Othman, ifunge kamba uiswage tu, ng'ombe wangu ana kasi kuliko hino!"

Na Mzee naye, huku anasukuma, anamjibu, "Cheka, Ame. Mama yako alikuzalia kiti cha nyuma hapa, na mpaka leo hamjarudi kunioshea kile kitambaa."

Fundi Haidar wa Wete akaja akalitazama. Akasema ugonjwa uko kwenye kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla hazijaingia kwenye injini, akasema ile ni ya zamani mno, afadhali kuweka mpya. Ikaagizwa ikaja, ikafungwa, na kwa siku nne Pijo ilikwenda kama bibi harusi. Siku ya tano ikakohoa. Haidar akarudi, akaifungua, akaisafisha, akaifunga, ikaenda siku mbili, ikakohoa tena. Akaja mara ya tatu, mara ya nne hakuja.

Sasa mtoto wao mkubwa, Jabir, yuko likizo kutoka Maskati. Si mtu mbaya, ila amezoea magari ya huko yanayowaka kwa kugusa kidude. Akasema, "Baba, hino si gari tena, hili ni banda la kuku. Kuna mtu ananunua vyuma chakavu, anapita na lori wiki hii, nimeshazungumza naye." Mzee akazungusha kofia yake kichwani, kisha akasema, "Ijumaa. Kama Ijumaa haitapanda kilima kwa nguvu zake ikatufikisha msikitini, iondoeni. Lakini mimi nitakuwa nimelala ndani, msiniamshe nione."

Bi Time, sijui kitu gani kiliniingia. Mimi si fundi. Ila zamani, kabla ya Pemba, nilikuwa utingo wa Landrova ya petroli iliyokuwa ikibeba dagaa kutoka ziwani, dereva wangu alikuwa mvivu, kazi ya kufungua kabureta na kuisafisha aliniachia mimi, miaka minne. Nikasema, "Mzee, niachie mimi." Jabir akanitazama matope ya miguuni, akacheka, akasema, "Haya, fundi wa matofali." Nikaomba ruhusa kazini siku tatu.

Nilitandika gunia chini ya ukuta, nikaweka kabureta ya zamani upande huu na mpya upande huu, nikazifungua zote mbili. Nilichokiona kilinishangaza. Zote mbili zilikuwa na utando wa rangi ya kahawia, unanata kama asali iliyoungua, umeziba vitundu vya kupitishia petroli. Ile mpya ndiyo iliyokuwa na hali mbaya zaidi. Ndani ya kabureta kuna boya dogo na sindano inayofungua na kufunga njia ya petroli, na sindano ya ile mpya ina ncha ya mpira, na mpira ule ulikuwa umevimba kama mdomo wa mtu aliyeng'atwa na nyuki. Basi ikinasa wazi petroli inafurika, ikinasa imefunga injini inakaukiwa. Haidar alikuwa akisafisha utando, lakini kitu kinacholeta utando kilikuwa kinaingia upya kila siku.

Nikainusa. Karafuu.

Nikamwita Mzee anuse. Akanusa, akasema, "Inanuka petroli." Nikamwita Jabir. "Petroli." Ame alikuwa anapita, nikamwita naye, akaingiza pua mpaka ndani, akasema, "Petroli, na jasho lako." Nikafikiri nimepata wazimu. Kisha nikafahamu. Hawa wamezaliwa ndani ya harufu ile, nguo zao, mikeka yao, vitanda vyao, njia zote wakati wa msimu, karafuu kwao si harufu, ni hewa tu. Mimi pua yangu bado ni ngeni. Nilipofika Pemba mara ya kwanza niliumwa kichwa wiki nzima kwa harufu ile.

Alasiri ile nilikuwa nimelala chini ya gari natazama mpira wa kupitishia petroli. Dumu la petroli ya Pijo hukaa kwenye kivuli cha ukuta wa jiko. Nikaona miguu ya Bi Mwanaasha inakuja taratibu, ana kikombe cha kahawa mkononi, akainama, akafungua dumu, akasema bismillahi, akamimina. Nikatoka chini ya gari.

"Bi, unafanya nini?"

Akashtuka, kisha akacheka kwa haya akajifunika mdomo na kanga. "Naitia dawa, mwanangu. Si inakohoa? Nilianza na kijiko, haikusikia. Sasa naipa kikombe."

"Dawa gani, Bi?"

"Mafuta ya makonyo." Hayo, Bi Time, wewe unayajua, ni yale yanayotolewa kwenye vikonyo vya karafuu, makali, ndiyo Bi Mwanaasha anayochulia watu. "Yamemwinua Mzee magoti, yameniinua mimi kiuno, wewe mwenyewe bega lako lilikuwa haliinuki, nikakuchua, sasa si unabeba? Basi, na hino gari ni mtu wa nyumba hii. Nimezalia watoto wawili ndani yake. Niitazame inakufa na dawa ninayo?"

Nilisimama pale na bisibisi mkononi, nikaanza kuhesabu nyuma. Kikohozi cha kwanza labda kilikuwa cha vumbi tu. Yeye akaitia kijiko kwa mapenzi, mafuta yale yakalainisha mipira na kuacha utando, gari likakohoa zaidi, akaongeza dawa, likakohoa zaidi, akaongeza. Miezi yote ile. Na kabla sijafungua mdomo akanishika mkono akasema, "Lakini usimwambie Mzee. Ataona nimekuwa kama mtoto. Hili la mimi na wewe, sawa? Hata Jabir sijamwambia. Wewe tu."

Nikasema, "Ndiyo Bi, sitamwambia."

Ndiyo hiyo ahadi iliyonifunga, Bi Time.

Nikafanya kazi. Niliichagua kabureta ya zamani, kwa sababu sindano yake ni ya shaba tupu, haina mpira wa kuvimba. Niliziosha sehemu zake moja moja, nikapuliza kila kitundu mpaka midomo ikafa ganzi. Ndani yake kuna kipande chembamba cha mpira kinachosukuma petroli unapokanyaga mafuta, hicho kilikuwa kimelegea kama ngozi ya maziwa, nikakata kingine kutoka kwenye pampu ya petroli ya gari bovu, maana mpira wa tyubu ungetafunwa na petroli siku ile ile. Nikamwaga tangi lote. Nikaenda mwenyewe kununua petroli safi kwenye dumu jipya, nikalificha chumbani kwangu chini ya kitanda, na dumu la Bi nikaliacha palepale ukutani lilivyo.

Ijumaa ikafika. Mzee alivaa kanzu yake ya Idi. Alikaa nyuma ya usukani, mimi pembeni yake, Jabir na mama yake nyuma. Likawaka mara moja. Sikuamini, nikatazama nyuma nikadhani kuna mtu anasukuma. Tukateremka bondeni, tukafika chini ya kilima, na vijana wote wa barazani walikuwa wamejipanga huko kama watu waliokuja kutazama mpira, Ame ameshika kamba ya ng'ombe anaizungusha juu. Mzee akabadilisha gia. Pijo ikanguruma, Bi Time, sauti moja, nzito, haikatiki, haikohoi, tukapita nusu ya kilima, tukapita pale pahala tunapozimaga siku zote, pana doa la mafuta barabarani, tukalipita doa, Bi Mwanaasha akapiga kigelegele nyuma ya sikio langu mpaka likaziba, na Ame alikuwa anakimbia pembeni ya dirisha kamba inamburura, anapiga kelele, "Inapanda! Yakhe, inapanda! Nimezaliwa humu mimi!" Mzee alikaza macho mbele mpaka tulipofika juu kabisa. Kisha akapiga honi. Honi ile haikuwa imelia tangu mwaka jana. Nikamtazama Jabir kwenye kioo, alikuwa ameinamisha kichwa anafuta macho, akaniona, akasema, "Haya, fundi." Hakutaja matofali.

Miaka yangu yote nimejenga nyumba za watu wengine, nimechuma karafuu za watu wengine, sijawahi kufanya kitu kikasimama watu wakakitazama na kusema huyu ndiye aliyekifanya. Siku ile nilisimama nje ya msikiti mgongo hauniumi.

Na hapo ndipo nilipoharibu. Mzee alinishika bega mbele ya watu akaniuliza, "Fundi, ugonjwa ulikuwa nini?" Nikasema, "Uchafu tu, Mzee, na ile kabureta mpya haikufaa." Nilitaka kumficha Bi. Lakini Mzee akapandisha hasira, akasema kumbe Haidar amemwuzia chombo kibovu, na tangu siku hiyo kila anayekutana naye anamwambia Haidar ni mwongo, na watu wawili niliosikia kwa masikio yangu wameondoa magari yao kwa Haidar. Mtu hana kosa hata la ukucha.

La pili ni hili. Bi Mwanaasha anaamini gari limepona kwa dawa yake. Ananitazama mbele ya watu ananikonyeza. Jana kaniambia, "Unaona? Kikombe ndicho kilichoifaa. Safari ya Chokocho nitaipa viwili." Kwa sababu mwisho wa mwezi tunakwenda Chokocho kwenye harusi ya mjukuu wao Yumna, Mzee amewaambia watu wote anamchukua bibi harusi kwa Pijo, na petroli ya safari imeshaanza kuwekwa ndani ya dumu lile.

Nikimwambia Mzee, nimevunja ahadi niliyompa mama aliyenilisha. Nikimwambia Bi, namwondolea furaha aliyonayo, na namwambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiiua gari anayoipenda. Nikinyamaza, Haidar anakwisha jina na Pijo inazimika njiani na bibi harusi ndani. Nimefikiria hata kuwa nabadilisha petroli kwa siri kila siku mpaka nitakapozeeka. Nifanye nini?

Safari, Mgogoni

JIBU LA BI TIME

Safari mwanangu, waalaykumu salamu. Barua yako ilinifikia Jumatatu, nami kabla ya kufikiria gazeti nilikuandikia haya kwa simu siku ile ile. Leo nayachapisha kama yalivyo.

Kwanza, hongera. Umeinusa karafuu kisiwani Pemba mahali ambapo Wapemba wenyewe wameshindwa, na umekiinua chombo ambacho fundi mwenye gereji alikishika mara tatu kikamshinda. Furaha yako ya pale kilimani ni halali yako, usimruhusu mtu akupunguzie, hata mimi.

Sasa nisikilize, maana nitakugombeza.

Ahadi yako ulimpa Bi Mwanaasha kwamba hutamwambia Mzee. Nimeisoma barua mara mbili kutafuta mahali ulipoahidi kutomwambia Bi Mwanaasha mwenyewe, sikupaona. Umejifunga kamba ambayo hakuna aliyekufunga. Yeye ndiye mwenye siri, basi yeye ndiye wa kwanza kuambiwa, na yeye ndiye atakayeamua jinsi ya kumwambia mumewe. Wewe umekaa unamhurumia mama wa watu kana kwamba ni yai. Mwanamke aliyezalia watoto wawili kiti cha nyuma cha gari, barabara za zamani zile, unadhani atavunjika kwa habari za kipande cha mpira?

Na useme kweli, hukunyamaza kwa ajili ya Bi peke yake. Jina la fundi lilikuwa tamu. Sikulaumu, mtu aliyebeba mchanga miaka mitatu akiitwa fundi mbele ya msikiti atataka kusikia tena. Lakini jina hilo ulilikalia juu ya mgongo wa Haidar. Ulisema "ile kabureta mpya haikufaa," ukijua unachosema si kweli, na maneno hayo yamekwenda Wete kwa miguu yake yenyewe. Kwa Haidar huna ahadi inayokuzuia. Huna haja ya kumtaja mtu yeyote. Nenda kwake leo ukitoka kazini, usitume mtu, usipige simu, mwambie, "Kabureta yako ilikuwa nzima, kilichoiharibu ni petroli chafu, na mimi nilikusingizia." Kisha rudi umwambie Mzee Othman maneno hayo hayo, mbele ya wale wale waliokusikia Ijumaa. Akikuuliza petroli ilichafuliwa na nini, mwambie jibu analo mtu mwingine na utamwomba amweleze mwenyewe. Mzee hatakula nyama yako.

Kwa Bi Mwanaasha, usimpelekee maneno matupu. Mtu anayetibu kwa mikono anaamini anachokigusa. Chukua ile sindano ya kabureta mpya yenye mpira uliovimba. Mwombe Haidar, ukishamwomba radhi, akupe nyingine nzima ya namna hiyo. Mpelekee zote mbili jikoni, mchana, akiwa peke yake, azishike. Ile nzima itie ndani ya kikombe chake cha kahawa na mafuta yake ya makonyo, ifunike, mwambie mtaifunua pamoja kesho kutwa. Usimhukumu. Kikombe kitazungumza. Na ukimaliza, mwambie na hili, kwa sababu ni kweli: mafuta yale yamelainisha mpira kwa nguvu ile ile yanayolainisha misuli iliyokaza. Dawa yake si mbaya, imepewa mgonjwa asiyekuwa wake. Gari halina magoti.

Dumu lile lisitiwe petroli tena, hata likioshwa kwa sabuni mara saba. Petroli iliyomo imwageni mbali na shimo la maji na mbali na jiko. Tangi lisafishwe tena kabla ya Chokocho, na ubebe kipande cha mpira cha akiba mfukoni.

Hilo la kubadilisha petroli kwa siri mpaka uzeeke sitalijibu, kwa sababu najua uliliandika umechoka. Lakini dumu la petroli chini ya kitanda unacholalia! Litoe leo, kabla hujamaliza kusoma.

Neno la mwisho. Uliandika kwa gazeti ukidhani unajificha. Mwanangu, Pemba nzima ina Pijo ngapi nyeupe za mgongo mrefu zilizopanda kilima Ijumaa na watu wakikimbia pembeni? Barua hii siichapishi mpaka uniambie umeshazungumza na hao watatu. Ukikaa kimya nitaitia kwenye mkoba wangu na nitakuja nayo mimi mwenyewe Mgogoni, na mimi dawa yangu sipimi kwa kikombe cha kahawa.

*

Barua nimeichapisha, kwa hiyo msomaji umeshajua kwamba amezungumza na wote watatu. Safari aliniletea ujumbe huu Jumapili iliyopita, nauweka wote.

"Bi Time, nilikwenda kwa Haidar Jumatatu jioni. Alinitazama tu, akaendelea kufunga bolti, nikadhani amenikataa. Kisha akasema, 'Shika taa hapa.' Nikashika. Akanipa sindano bila kugeuka. Siku ya pili Mzee alinisikiliza barazani mbele ya watu, akavaa viatu, akaenda Wete peke yake kumwomba radhi Haidar, akarudi amebebwa kwa pikipiki ya Haidar.

Kikombe Bi alikifunua mwenyewe baada ya siku mbili. Aliishika ile sindano, akaibonyeza ncha kwa kucha. Akaibonyeza tena. Kisha akasema, 'Miezi minne, Safari. Na haikufa!' Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, akamwita Mzee kwa sauti ya kijiji kizima, 'Baba Jabir! Njoo uone nilivyokuwa nikiichua gari yako!' Mzee alisikiliza yote amesimama mlangoni. Akasema, 'Ndiyo maana. Nilikuwa najiuliza mbona mafuta ya magoti yangu yanakwisha upesi.'

Jana tumekwenda Chokocho. Haikukohoa hata mara moja, kwenda wala kurudi. Yumna alikaa nyuma na maua yake, Jabir ndiye aliyeendesha, aliomba mwenyewe. Kila tulipopanda kilima Bi aliinama mbele akalipigapiga gari kwa kiganja, akasema, 'Huna magoti wewe, panda.' Haidar ananitaka gerejini kwake kuanzia mwezi ujao. Mchanga nimeuaga."

Bi Mwanaasha nilizungumza naye mwenyewe kwa simu kumwomba ruhusa ya kuchapisha. Amekubali majina yote yatajwe, lake likiwa la kwanza. Ana sharti moja tu, tuandike waziwazi kwamba kwa binaadamu mafuta yake ni mazuri, na mwenye bega bovu aje Mgogoni, aulize nyumba yenye Pijo.